Banda la Kuku la Sultani Haidari

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kutawaliwa, palikuwa na Sultani akiitwa Haidari, naye akitawala mji wa Mkwamani. Alikuwa mtawala mwadilifu sana, hasa akiwa amelala. Na katika mji huo alikaa mtu mmoja akiitwa Msabaha, fukara wa kutupwa, ambaye mali yake yote ilikuwa ni mke, ulimi na kuku mmoja. Mke aliitwa Mize. Ulimi haukuwa na jina, ila ulikwisha kumfukuzisha kila kazi aliyopata kushika. Kuku aliitwa Kishungi, kwa ajili ya manyoya yaliyomsimama utosini kama kilemba cha kadhi, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeleta kitu. Akitaga, Mize hulichukua yai akaenda kulibadilisha kwa unga, wakala. Asipotaga, nyumba nzima hufunga na Ramadhani bado haijaandama.

Kishungi hakujua makuu. Alilala jikoni ndani ya tenga bovu ambalo Msabaha alililaza ubavu akaliita banda, na kila magharibi alikwenda akaingia mwenyewe, akajipanga, akafumba macho, bila ya kuamrishwa na mtu.

Basi ikawa siku moja Sultani Haidari alikwenda kumzuru mwenziwe, Sultani Ghalibu wa Vumbani, ng'ambo ya mto. Ghalibu akamkirimu kwa pilau, na baada ya pilau akamkirimu kwa majivuno, akamchukua nyuma ya jumba akamwonyesha banda lake la kuku, refu kama bohari la forodhani. Akamwambia kwamba hakuna mtawala mwenye banda kubwa kuliko lile, na kama yupo, basi hajazaliwa. Haidari akatabasamu kwa meno ya mbele tu. Aliporudi Mkwamani alikuwa mgonjwa, hataki uji, hataki kukandwa, hataki kuimbiwa. Tabibu alipoulizwa akasema Maulana ameumwa na banda.

Akaitwa Waziri Farahani. Huyu Waziri alikuwa mtu wa elimu nyingi: alisoma elimu ya nyota, elimu ya hesabu, na elimu ya kuinama, na hii ya tatu ndiyo iliyompa cheo. Kuku naye alimjua barabara, lakini kwenye sahani tu. Akaamriwa ajenge banda litakalomtia Ghalibu homa, naye akaenda akajenga, uwanjani mbele ya jumba la Sultani.

Na lilikuwa banda, jamani. Kuta zilipakwa chokaa mara nyingi hata kuku mweupe akisimama mbele yake haonekani. Chini palitandikwa zulia, ili kuku wapate mahali pazuri pa kuharibia. Miti ya kulalia ilikuwa ya mpingo, imepigwa msasa na mafuta mpaka inameremeta, na yeyote mwenye kucha akiipanda huteleza akaanguka. Viota vilikuwa na mito ya hariri. Udi ukafukizwa asubuhi na jioni. Na mlango, mlango ndio uliokuwa fahari ya Waziri: mlango wa nakshi, una misumari ya shaba na maua ya kuchonga, kama milango ya wakubwa, isipokuwa kimo chake kilikuwa kimo cha kuku. Mtu akauliza mfagizi ataingiaje. Waziri akamjibu kwamba banda la Sultani halichafuki.

Likaisha, likazinduliwa kwa ngoma, na ndipo mtu mmoja alipogundua kwamba Maulana hana kuku. Alikuwa amewala wote.

Basi ikatoka amri, kila kuku wa Mkwamani ni kuku wa banda la Sultani, na apelekwe leo. Vikawa vilio. Wako waliowategemea kuku wale kwa dawa ya mgonjwa, kwa mahari, kwa mgeni wa ghafla. Kishungi naye akachukuliwa chini ya kwapa la askari, shingo ndefu, akitazama nyuma kama bibi harusi asiyempenda bwana. Mize akamwambia mumewe kwamba leo ndiyo mwisho wa unga.

Kumbe Waziri alifikiri mambo yote, akasahau moja dogo, nalo ni kwamba kuku hula. Udi haukuwashibisha. Ikawa asubuhi hawana budi kufunguliwa wakachakure, na jioni, jua lilipokuwa linazama, kuku wote wakaacha kuchakura, wakalipita banda la nakshi bila ya hata kuligeukia, wakenda zao. Huyu akaingia mtungini mwake, huyu uvunguni kwa mwenyewe, yule kwenye mtumbwi mkuukuu uani. Askari wakatoka kuwarudisha, wakapita nyumba hadi nyumba, wakitambaa chini ya vitanda vya watu. Kesho yake ikawa vile vile. Na kesho yake tena. Jeshi la Mkwamani, ambalo adui alilihofu, likawa linanuka mavi ya kuku na kugonga milango kwa adabu.

Kila mtu wa mji alijua dawa. Kuku mgeni hufungwa kamba mguuni, akakaa siku kadhaa karibu na banda jipya mpaka apazoee, kisha hata umfukuze hatoki. Mzee mmoja akajikaza akamwambia Sultani. Sultani akakasirika hata shavu likamcheza. Akasema kuku wake hawatafungwa kama mateka, wageni watasema nini, watasema banda la Haidari ni gereza. Yeye anataka kuku waje kwa kumpenda.

Sasa ikawa jioni moja askari wawili walifika kwa Msabaha kumchukua Kishungi kama ada. Msabaha akawakaribisha, akawatolea kigoda.

"Karibuni, ndugu zangu. Ila mngempa nafasi kidogo, ndiyo kwanza anarudi kutoka kwa Sultani, hata miguu hajanyosha." Wakacheka. Naye alipoona wamecheka, ulimi ukampanda. "Mwambieni Maulana asihuzunike. Jengo lile ni zuri. Likikosa kuku, linafaa kuzikiwa waziri."

Askari wakacheka tena, wakaenda wakamchongea. Haukupita muda Msabaha akawa amesimama mbele ya kiti cha enzi, Waziri Farahani kando akimtazama kama mtu anayempima urefu.

Sultani akasema, "Ewe Msabaha, nimesikia umelitafutia banda langu kazi."

"Maulana, nililionea huruma tu. Lipambwe vile, halafu lilale peke yake kama mjane."

"Vema. Basi wewe ndiye utakayelioza. Ijumaa Sultani Ghalibu atakuwa mgeni wangu. Jua likizama, nataka kila kuku wa mji huu alale ndani ya banda langu. Hakuna kumfunga kamba, hakuna kumfukuza, hakuna kumwita, hakuna kumrushia hata punje ya mtama. Aende mwenyewe kwa mapenzi yake. Na akibaki nje hata mmoja, huyo kuku wako atakuwa kitoweo cha Ghalibu, na wewe na mkeo mtahamia bandani, mlale juu ya mpingo mpaka mfe. Banda langu halitakuwa tupu mbele ya mtu yule."

Msabaha akainama, akauliza kama anaruhusiwa kulitengeneza banda kidogo. Sultani akasema bomoa, ongeza, panua utakavyo, boriti zimo boharini na askari watakuchimbia. Msabaha akainama tena.

"Maulana, mimi ni mjinga. Nisije nikakosea. Banda la kuku ni nini?"

Waziri akacheka, akasema hilo hata mtoto analijua. Banda la kuku ni mahali palipotengwa kwa ukuta, pana mlango, na kuku hulala ndani. Msabaha akamwomba alirudie neno hilo mbele ya baraza lote, nalo likarudiwa, na Sultani akasema kwamba neno la Waziri ndilo neno lake. Wakubwa wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kwa kuwa siku ile walikuwa wamejifunza kitu.

Msabaha akarudi nyumbani akamkuta Mize amepanda juu ya kinu kilicholazwa, amechutama, mikono ameikunjia kifuani kama mbawa.

"Unafanya nini, mke wangu?"

"Nafanya mazoezi," Mize akajibu. "Habari nimezisikia, na mume wangu namjua."

Akamtazama mkewe akihangaika juu ya kinu, akamtazama Kishungi akiingia tengani bila ya kuhangaika, na utani ukamtoka. Akajilaza jamvini, akakodoa macho darini, na Mize akamwacha, maana alijua mumewe akinyamaza basi ama anaumwa ama anafikiri, na yote mawili kwake yalikuwa mageni. Alipoinuka alikuwa anacheka peke yake. Mize akarudi kwenye kinu.

Kulipokucha Msabaha akawapanga askari, akaanza kwa kubomoa ukuta wa nyuma wa banda, ule ulioelekea mjini, ukaanguka wote na chokaa yake. Watu wakajua kwamba hofu imemrusha akili. Kisha akachukua boriti na fito za bohari akaanza kujenga ukuta mpya. Ukaanzia kwenye pembe moja ya ukuta wa mbele wa banda, ule wenye mlango wa nakshi, ukapita kando ya jumba la Sultani, ukazunguka jikoni na kisimani na zizini, ukarudi upande wa pili ukielekea pembe ya pili. Ulikuwa mrefu kuliko mtu, na fito zake zilibanana hata panya angepita kwa kusali. Msabaha mwenyewe hakushika jembe. Alikaa juu ya gogo akiwaambia askari kwamba kwa wachimbaji kama wao haoni ajabu wakishindwa na kuku.

Waziri akaja kukagua, akauliza kazi gani hii. Msabaha akamwambia ni ukuta wa banda, Bwana Waziri, banda linapanuliwa kama alivyoamuru Maulana. Waziri akauangalia jinsi unavyolizunguka jumba lote, hakuelewa kitu, na kwa kuwa ni mtu wa elimu hakutaka kuuliza mara ya pili. Akaenda kwa Sultani akamwambia kwamba ukuta ule mzuri unaozunguka jumba ni shauri lake yeye Waziri. Akapewa joho.

Ijumaa alasiri Ghalibu akawasili na msafara wake, akaingia kwa pale ukuta ulipokuwa bado haujakutana na banda, na alipokwisha kupita, Msabaha akaamuru pazibwe. Wakubwa wakaketi barazani kulielekea banda. Mpishi alikuwa amekwisha kunoa kisu na kuteleka maji, akimngoja Kishungi tu.

Jua likaanza kuzama. Kupitia nyufa za fito wakawaona kuku wa mji wanaacha kuchakura, wanakung'uta mbawa, wanaanza safari. Sultani akajivuta mbele kwenye kiti. Kishungi akapita, kishungi kimesimama, akalifikia banda, akakata kona, akashika njia ya kwao. Na wengine nyuma yake, kila mmoja na kwao. Mpaka giza linaanza kuingia, penye mlango wa nakshi haukupita hata unyoya.

Ghalibu akakohoa kidogo, kukohoa kwa mtu aliyefurahi mno. Sultani Haidari akasimama, mkono kwenye jambia, akauliza kwa sauti ndogo, "Msabaha. Kuku wangu wako wapi?"

"Wote wamo bandani, Maulana, wanalala. Hakubaki nje hata mmoja."

"Bandani wapi? Nimewaona kwa macho yangu wakienda majumbani kwa watu."

"Ndiyo, Maulana. Majumba ya watu yamo bandani." Msabaha akasogea mbele. "Ukuta wa nyuma nimeuondoa, kwa hiyo upande ule banda halina kizuizi, limeenda na mji. Ukuta wa mbele ndio huu, nami nimeuendeleza mpaka ukazunguka ukajifunga. Upande ule wa ukuta ni ndani ya banda. Upande huu tulipo sisi ni nje. Kuku wote wa Mkwamani wamo ndani, wamelala, hakuna aliyefungwa wala kuitwa. Walio nje ni wewe, Maulana, na mgeni wako, na Bwana Waziri, na mpishi, na mimi. Na hapa hakuna kuku."

Sultani akamgeukia Waziri Farahani, na Waziri akaanza kuhesabu kwa vidole, jasho likimtoka ndani ya joho jipya. Ukuta upo. Mlango upo, tena alioubuni mwenyewe. Kuku wanalala ndani, na kama si ndani ya banda, basi ndani ya wapi.

"Lakini, Maulana," akasema kwa kubabaika, "banda lile halina mwisho."

"Bwana Waziri hukutaja mwisho," Msabaha akasema. "Ulitaja ukuta na mlango. Ulilisema mara mbili."

Jambia likatoka nusu alani. Msabaha akafumba macho, akamfikiria Mize juu ya kinu, akaona kwamba mwanamke yule alikuwa na akili kumshinda. Na hapo ndipo Sultani Ghalibu alipouliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

"Ewe bwana. Banda hilo linafika wapi?"

Msabaha akafumbua jicho moja. "Linapita mji, Maulana, linapita mashamba, linavuka mto."

"Mto ule wa kwetu?"

"Ule ule. Linafika Vumbani na kuendelea."

"Na banda langu mimi?"

"Limo ndani, Maulana. Kuku wako wote wanalala katika banda la Sultani Haidari tangu tulipoziba ukuta. Usiwe na wasiwasi nao, nafasi ipo."

"Na jumba langu?"

"Limo."

"Na mimi nikirudi kwangu kesho?"

"Utakuwa umeingia bandani, Maulana. Na utapokewa vizuri."

Ghalibu akawa mwekundu, kisha mweupe, kisha rangi isiyo na jina. Haidari akamtazama. Akalitazama banda. Akamtazama tena Ghalibu, na jambia likarudi alani polepole, na tabasamu likamwanza pembeni mwa mdomo, safari hii la meno yote mpaka magego. Akacheka. Akacheka hata kilemba kikaanguka, na Waziri akacheka kwa kuwa Sultani amecheka, na askari wakacheka kwa kuwa Waziri amecheka, na Msabaha akafumbua jicho la pili.

"Ndugu yangu Ghalibu," Haidari akasema akijifuta machozi, "ukilala bandani mwangu, tafadhali usinichafulie."

Basi akamwambia Msabaha aombe atakacho. Msabaha akasema yeye hana haja, ila mwenye banda anajulikana kwa mtama wake wa asubuhi, na banda hili ni kubwa, na mgeni yupo anatazama. Sultani hakuweza kusema mbele ya Ghalibu kwamba hana chakula cha kuku wake. Akaamuru bohari lifunguliwe, na kila asubuhi amwagiwe mtama kila kuku mlangoni pa nyumba anakolala. Chakula cha usiku ule kikawa mchicha, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuvunja usingizi wa kuku wa Sultani.

Asubuhi Ghalibu akataka kwenda zake, na njia ilikuwa moja. Akapiga magoti mbele ya mlango wa nakshi, akapita, joho likinasa kwenye misumari ya shaba, kilemba kikitangulia. Raia walikuwa wamejipanga upande wa pili kwa heshima zote. Hakuna aliyecheka, ila mji mzima ulipatwa na kikohozi. Mize alikuwa mbele kabisa, kipande cha kamba mkononi, akimwangalia mgeni miguuni.

Msabaha akamshika mkono. "Iache, mke wangu. Maulana alikataza kamba."

Ghalibu akavuka mto bila ya kuaga. Alipofika Vumbani alikuwa mgonjwa, hataki uji, hataki kukandwa. Na kabla mwezi haujaandama, mjumbe wake akabisha hodi kwa Msabaha, anatakiwa Vumbani upesi, akajenge ukuta wa kulizunguka jumba la Sultani Ghalibu, mrefu kuliko ule wa Mkwamani, na mlango wake uwe mfupi zaidi, ili Haidari na mji wake wote wawe ndani ya banda la Ghalibu. Msabaha akaenda akajenga, akarudi na jogoo wawili, na Kishungi akajifanya hakuwaona.

Ikawa tangu siku hiyo masultani wawili wamekaa kila mmoja ndani ya boma lake, jicho kwenye ufa, akimtumia mwenziwe wajumbe wa kutambaa ili amwambie kwamba yeye ndiye kuku. Maaskari wao, kwa kuchoka kupita kwa magoti, wakawa hawatoki ila kwa dharura, kisha hata dharura zikawachosha. Nao raia wa Mkwamani na wa Vumbani hawakuwa na la kufanya ila kuyavumilia maisha ya bandani: kula mayai, kulala mapema, na kukaa mwaka mzima hawajaonana na serikali.

Hekaya nimekwisha kuitaga. Mwenye kikapu na aokote.